Sekunde Nne za Dama

Dama Kiti alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye maabara ya kupima metali karibu na Liwatoni. Mwezi wa nne, maabara yao iliingia katika zoezi la maabara kumi na mbili za nchi mbalimbali. Kila moja ilitumiwa unga uleule wa chuma kisichoshika kutu, aina inayoshindiliwa kwa joto na shinikizo mpaka iwe kipande kizima cha kutengenezea vali za mitambo ya nyuklia. Wote walitakiwa wapime kwa kufuata rasimu moja ya utaratibu. Majibu yakilingana, rasimu ingekuwa kiwango cha wote.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kueleza. Unamimina gramu hamsini za unga kwenye faneli, unahesabu sekunde mpaka uishe. Waratibu wa zoezi waliandika kwamba wengi walipata kumi na tano. Dama alipata kumi na tisa. Akasafisha faneli, akarudia, ikawa kumi na tisa. Kwa siku tisa alirudia mpaka akatimiza mara arobaini zilizotakiwa na rasimu, magoti yakimuuma kwa kusimama, na jioni alifika chumbani kwake Makadara akalala na nguo za kazi.

Siku ya kumi, Bi Swafia, mtunza sampuli, alimkuta ameinamia meza. Akamuuliza kama amekula, kisha akalalamika kwamba tangu mvua zianze hata chumvi ya nyumbani kwake haitoki chupani. Dama akainua kichwa. Rasimu ilitaja joto la chumba, lakini haikusema neno juu ya unyevu. Akaukausha unga kwenye joko kwa saa nzima, akaupoza ndani ya chombo kilichofungwa, akaupima. Kumi na tano.

Griffins, mkuu wa maabara, alishusha pumzi alipoiona karatasi. Alitaka jibu hilo peke yake litumwe, yale mengine yawekwe kando, maana maabara ikionekana imekosea itapoteza wateja.

"Sikukosea, bosi," Dama alisema. "Rasimu ndiyo imepungukiwa. Tukituma hili peke yake, kila mwenye hewa yenye unyevu kama yetu atautupa unga mzuri, au atauamini mbaya."

"Watatuwekea alama nyekundu, Dama."

"Waiweke."

Griffins akachukua kalamu, akatia sahihi majibu yote mawili.

Ripoti ilirudi mwezi wa tisa. Katika jedwali, maabara yao iliitwa Namba Saba, na kumi na tisa yao ilikuwa na alama nyekundu kweli. Chini yake, katika rasimu mpya, palikuwa na sharti jipya: unga ukaushwe kwanza, na unyevu wa chumba uandikwe. Hapakuwa na jina la mtu. Ukurasa wa mwisho ulieleza kwamba, kwa kuwa utaratibu umebadilika, maabara zote zirudie vipimo vyote arobaini.

Dama alisoma sentensi hiyo mara mbili. Alikuwa na furaha mahali fulani, lakini ilikuwa mbali, na maumivu ya miguu yalikuwa karibu zaidi. Akamwomba Griffins waanze Jumatatu. Griffins akakubali. Dama akavua koti jeupe, akaenda kukaa na Bi Swafia, wakanywa chai.