Mwongeli Atafuta Ofisi Akiwa Kitandani

"Nimevunjika mguu, sikuvunjika akili!" Mwongeli alikuwa akimfokea Nderitu, meneja wake, kwenye simu. "Nakuambia kompyuta za ofisi hazifunguki!"

"VPN imeandika umeunganishwa," Nderitu akajibu. "Tunaiona hapa. Kama ni uvivu, sema."

Nderitu alikuwa amemweka kwenye spika, ofisi nzima inasikia. Kwa nyuma mtu akacheka. Simu ikakatwa.

Mwongeli ni jirani yangu hapa Mumbuni, na kwa miaka tisa amekuwa karani wa kikundi cha wakulima wa ndengu. Orodha ya magunia ya wanachama wote, hata wale wa Kithimani, iko kwenye kompyuta mbili za ofisini mjini, ambazo makarani wote huzitumia. Tangu ateleze bafuni na kufungwa plasta, alitakiwa kuzifikia kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti: unaingilia nyumbani, unatokea ofisini. Mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa. Nderitu alishasema kwamba orodha isipokamilika Alhamisi jioni, kiti kitapata mtu mwingine. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

Mwanamke mwingine angelia. Huyu aliniomba nimvutie meza karibu na kitanda.

Akazima kompyuta yake, akawasha. Akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Alama ya VPN ikawa kijani. Akabonyeza jina la kompyuta ya ofisi. Kimya. Akampigia Bonface, fundi aliyefunga intaneti ofisini na pale nyumbani.

"Zima uwashe, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nimezima mpaka swichi inaniogopa. Uko na dawa nyingine?"

Akakata simu.

"Sasa nimejaribu kila kitu isipokuwa kubadilisha intaneti yenyewe," akaniambia. Akaiacha waifai, akaunganisha kompyuta na simu yake. Aiya! Ofisi ikafunguka, orodha hiyo hapo. Lakini mtandao wa simu katika nyumba ile ya mawe huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Haukukaa dakika tatu. Akarudi kwenye waifai: kimya. Simu: ikafunguka. Alifanya hivyo mara nne, mpaka akawa na hakika. VPN ilikuwa nzima, ofisi nzima. Ubaya ulikuwa kwenye kile kisanduku cha waifai ukutani.

Akampigia Bonface tena. "Kisanduku changu na cha ofisi, ulivifunga tofauti?"

"Tofauti ya nini? Wateja wangu wote nawawekea namba zile zile za ndani, zile kompyuta hutafutana nazo. Nusu ya Mumbuni. Ndio nisisumbuke kukumbuka."

"Bonface! Kwa hivyo kompyuta yangu ikitafuta namba ya ofisi, inaitafutia wapi?"

Fundi akashtuka: "Woi. Inaitafutia hapo hapo kwako."

Ndiyo hivyo. Mashine maskini ilikuwa inaitafuta ofisi ya mjini chini ya kitanda cha Mwongeli, na isipoiona inakata tamaa. Bonface akamwelekeza kwa simu, neno kwa neno, jinsi ya kukipa kisanduku cha nyumbani namba nyingine. Mwongeli alikosea mara mbili, akamtukana Bonface mara mbili, ya tatu ikakubali. Kijani ikawaka, na ofisi ikafunguka kwa waifai.

Alhamisi saa nane mchana orodha ilikuwa imekamilika. Akampigia Nderitu, akamweleza kosa lilikuwa wapi.

"Sawa, Mwongeli. Kazi nzuri."

"Hapana, Bwana Nderitu. Bado uko na deni langu. Jana uliniita mvivu mbele ya watu. Weka spika."

Kisha sauti za ofisi zikasikika, na mwanaume yule akakohoa.

"Watu wangu, Mwongeli alikuwa anasema ukweli. Mimi ndiye nilikosea. Mwongeli, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa nipe namba ya simu ya mnunuzi, nimtumie orodha."