Nepi Kwenye Njia ya Misafara

Juzi tarishi wa bomani aliingia uani kwangu, akanyooshea kamba kidole.

"Dada, anua nepi hizo! Bwana Shauri wa wilaya anawatembeza wageni njia ya zamani ya misafara."

"Bado mbichi, kaka, na mtoto hana nyingine."

"Historia haina nepi!"

Mama mkwe wangu akadakia, "Mwanangu, mimi nilizaliwa njiani, mama yangu akiwa msafarani. Unadhani nilifika Tabora mkavu?"

Tarishi akaguna, akazianua mwenyewe kwa ncha za vidole, akaondoka nazo kuwatangulia wageni. Wageni wakapita wakiusifu ukuta wetu wa kale, ambao mume wangu ameujenga mwaka huu. Niliona haya kuwasahihisha. Hapo hapo mtoto akanilowesha mgongo mzima. Nepi zake zilikuwa kwapani mwa tarishi, naye alishafika sokoni, akiisafisha historia.