Kichupa cha Nne

Gaster aliposikia kwamba Wachina wamerusha chombo kiende mwezini kikachote udongo na kurudi nao, hakuuliza habari za roketi. Aliuliza ni nani atakayebandika lebo.

"Lebo gani?" Asadu, fundi wake wa pikipiki pale Jinja, alikuwa amelala chali chini ya injini, redio ndogo ikinong'ona karibu na sikio lake.

"Ya sampuli. Udongo huo ni sampuli. Ukifika bila lebo wataukataa."

"Hakuna mtu mle ndani, bwana. Ni mashine tupu."

"Basi labda utafika."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe tatu Mei, mwaka elfu mbili ishirini na nne. Asadu alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Sisi Waislamu kila mwaka tunagombana kama mwezi umeonekana ama haujaonekana. Wenzetu wameshachukua kijiko wakauchimbe!"

Gaster hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza jeshini, ile ya mwisho katika kambi ya Kimaka, akipeleka bahasha za maofisa kwa pikipiki. Hakupoteza hata moja. Alipostaafu na ukoplo wake alipata kazi ya kubeba sampuli kutoka zahanati za kando ya ziwa: damu, mkojo, makohozi. Mashine ya karibu ya kupima kifua kikuu ilikuwa imekufa tangu Februari, kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa alifunga kasha la barafu nyuma ya pikipiki, akashika njia ya Tirinyi mpaka maabara moja mjini Mbale. Kazi hii aliiona nzito kuliko ile ya kwanza. Bahasha ikipotea, afisa hukasirika. Makohozi yakipotea, mtu huendelea kukohoa.

Ijumaa ile, ndani ya kasha mlikuwa na kichupa cha Santa.

Santa alikuwa mjane wa askari magereza, mzaliwa wa Gulu, aliyekausha sangara kwa moshi pale Masese. Kiswahili alikipata katika nyumba za magereza, kama Gaster alivyokipata kambini. Walipokizungumza wawili hao, kwa sauti ya juu kama walivyozoea, wapita njia walisogea pembeni wakidhani kuna mtu anakamatwa. Binti wa Santa, Racheal, aliolewa Mbale, akaishi mtaa wa Namakwekwe, na mwishoni mwa Aprili alijifungua mtoto wake wa kwanza. Santa alikuwa amekwisha kufunga mzigo aende kumshika mjukuu. Kisha Racheal akamsikia akikohoa kwenye simu.

"Mama, kwanza upimwe," binti alisema. "Ukipata majibu, njoo siku hiyohiyo."

Basi Santa alitema katika kichupa, akamkabidhi Gaster mlangoni pa zahanati. "Hiki ni kikohozi cha moshi. Miaka kumi na tisa nafukiza samaki. Lakini mwanangu anataka karatasi. Haya, afande, niletee karatasi."

"Nitaleta," Gaster alisema. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba kwa wiki nane.

Kichupa cha kwanza kilikataliwa. Kifuniko hakikukazwa, makohozi yakavuja. Mpokeaji wa sampuli kule Mbale, kijana mmoja mwembamba aitwaye Makokha, alimrudishia fomu yenye muhuri mwekundu. Makokha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Imevuja, afande. Leteni nyingine."

Zahanati ya Masese nayo ikakaa wiki mbili bila vichupa. Cha pili kilifika Mbale Ijumaa ya mwisho ya Mei, kizima, kimekazwa, lebo yake imenyooka. Kikawekwa kwenye friji kingoje. Jumamosi umeme ukakatika, Jumapili hakuna mtu, Jumatatu ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Jumanne Gaster alipoingia, Makokha alikuwa ameshika muhuri tayari.

"Imeoza, afande."

"Iliozea kwenu!"

"Ni kweli," Makokha alisema, akagonga muhuri.

Jioni hiyo Asadu alimpa habari za redio bila kuulizwa. Chombo kilitua mwezini Jumapili, upande ule usioonekana kamwe kutoka duniani. Kimechota, kimetoboa, na alfajiri ya leo kimeshaondoka na mzigo.

"Upande ule hata mawasiliano hayafiki moja kwa moja," Asadu alieleza. "Lazima yapitie chombo kingine."

"Kama Masese na pikipiki yangu," Gaster alisema, akaketi juu ya gurudumu kuukuu. Aliuhesabu muda huo kwa vidole. Kutua, kuchimba, kuondoka: vyote ndani ya siku zilezile ambazo kichupa cha Santa kilikuwa kikioza nyuma ya mlango uliofungwa. Siku mbili baadaye alisikia kwamba kile kilichopaa kutoka mwezini kimekutana na kingine kilichokuwa kikiuzunguka, na sampuli zimehamishwa kutoka huku kwenda kule. Habari hiyo ilimuuma kuliko zote. Gaster alijua makabidhiano. Sampuli hazifi barabarani. Hufa pale mkono mmoja unapouachia mkono mwingine.

Kwa kichupa cha tatu aliapa kwamba hakuna atakayekigusa ila yeye. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Juni alimsimamia Santa akamhesabia pumzi: vuta, kohoa, tema. Santa akamtazama kwa jicho la pembeni. "Hata mkunga wa Racheal hakupiga kelele hivi." Gaster alikaza kifuniko mwenyewe, akabandika lebo mwenyewe. Wingu lilikuwa jeusi upande wa Iganga, na fomu za watu wengine aliziacha katika mfuko wao wa nailoni, lakini ya Santa hakutaka iloane hata tone. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, juu ya moyo, mahali alipokuwa akiweka bahasha za siri za maofisa.

Mvua ilimpiga njia nzima. Alikabidhi kasha, akageuza, akarudi Jinja bila hata kunywa chai. Alipovua koti pale kwa Asadu, karatasi ilichungulia mfukoni, kavu kabisa.

"Hiyo nini?" Asadu aliuliza.

Gaster alimpigia simu Makokha.

"Kichupa kisicho na fomu hakina mwenyewe, afande. Nimekwisha kukitupa."

"Unanijua! Unajua kilikuwa cha Santa!"

"Mimi nakujua. Mashine haikujui."

Siku tatu alitafuta mtu wa kulaumu, na kila alikopita alijikuta mwenyewe. Jumanne asubuhi alikwenda Masese kabla ya zamu. Moshi ulikuwa umelala chini, na Santa alikuwa akigeuza samaki mmoja mmoja kwenye wavu.

"Mama, safari hii kosa ni langu." Alieleza habari ya koti, ya mvua, ya mfuko wa ndani. Hakuficha kitu.

Santa aliendelea kugeuza samaki mpaka safu ikaisha. "Makohozi yangu yamefika Mbale mara tatu," alisema hatimaye. "Mimi mwenye makohozi bado niko hapa. Labda ningejitia kwenye kichupa."

"Nisamehe."

"Leta kingine."

Alitema, akakaza kifuniko, akaipokonya fomu mikononi mwa Gaster. Akaviringisha karatasi hiyo juu ya kichupa, akachukua kamba ya katani anayofungia mafungu ya samaki, akazungusha mara sita, akapiga fundo la kazi, lile lisilofunguka mpaka ukate. "Sasa vitapotea pamoja."

Gaster alipokuwa akiweka mafuta kabla ya kushika njia, redio ya kituo ilitangaza kwamba udongo wa mwezi umetua salama asubuhi hiyo katika nyika za kaskazini mwa China, siku hamsini na tatu tangu chombo kirushwe. Mhudumu alishangilia. Gaster alilipa akaondoka.

Kule Mbale, Makokha alikinusa kichupa. "Hii fomu inanuka samaki."

"Pokea."

"Nimesema inanuka. Sikusema nimekataa." Akatafuta mkasi.

Ijumaa majibu yalikuwa tayari. Hakuna vimelea vya kifua kikuu. Gaster alisimama uani pa maabara akayasoma mara ya pili, akingoja furaha ije. Haikuja. Mwanamke huyu alisema tangu siku ya kwanza kwamba ni moshi. Angeweza kuwa hapa Mbale tangu Mei. Zilihitajika wiki nane, watu watano na vichupa vinne kumthibitishia jambo alilolijua. Redio ilikuwa imesema Wachina wamepima udongo wao: gramu elfu moja mia tisa thelathini na tano na kitu. Walijua hata hicho kitu.

Jumamosi Santa alipanda basi na karatasi yake. Jumanne iliyofuata Gaster, kasha likiwa mgongoni mwa pikipiki, alipita Namakwekwe na kumwona kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, mtoto begani. Alisimama bila kuzima injini.

"Tazama," Santa alisema. Mtoto aliinua kichwa, akakishikilia juu, akamkazia macho mgeni. "Amekwisha kukaza shingo."

"Ni vizuri, mama."

"Ni vizuri." Mkono wake ulikuwa nyuma ya kile kisogo, umekikinga tu, maana hapakuwa tena na cha kushikilia. "Mzigo wangu niliufunga kwa ajili ya ile shingo iliyolegea."

Barafu ilikuwa ikiyeyuka ndani ya kasha.

"Nenda, afande," Santa alisema, akimgeuza mtoto upande wa pili wa bega. "Kuna mtu anangoja hivyo ulivyobeba."