Nilimuomba mama risiti za dawa ili nidai kodi huku Joburg, akaacha kupokea simu zangu

Wakuu, habari za jioni.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa changu mwenyewe, na kama nitaongeza chumvi basi ni kidogo tu, pale nilipojitetea. Kwenye mengine yote nilikuwa mjinga na nitasema hivyo hivyo.

Naishi La Rochelle, kusini mwa Joburg, chumba cha kupanga. Kazi yangu ni kuvalisha sofa kwenye karakana moja ya Jeppestown. Nimeajiriwa, nina slip ya mshahara, kodi inakatwa kabla hela haijanifikia. Nilitoka nyumbani Kondoa 2011 nikamwambia mama narudi baada ya miaka miwili.

Haya mambo yalitokea 2017. Pigeni hesabu wenyewe.

Sio kwamba nilimsahau jamani. Mama ana presha ya macho. Kila Novemba naanza kuweka nauli, kila Novemba dada yangu Zaina anapiga, "Kaka, matone ya mama yameisha," au "Daktari Dodoma anataka amuone tena." Basi nauli inageuka dawa. Mwaka ule ikaja na operesheni ya jicho la kushoto, nikabaki mweupe kabisa.

Nilichokuwa nacho ni simu ya Jumapili. Saa tano asubuhi, nimeshafua, nakaa kwenye ngazi ya nje napiga. Mama hajui kuongea na simu kwa adabu, anapiga kelele kama yuko shambani. Swali la kwanza siku zote: "Umekula nini?" Nikisema pap, ananiuliza pap ni nini, ingawa nimemweleza mara mia. Nikisema ni ugali tu mama, anasema, "Sasa si useme ugali!"

Dakika kumi na tano hizo ndizo zilikuwa zinanivusha wiki.

Sasa kuna mzee mmoja Mkongo wa Lubumbashi, tunamwita Papa Ilunga. Mkewe ana saluni mtaani kwetu, na yeye ana kimeza chake kule ndani, pembeni ya dada wanaosuka, anawajazia watu tax return, yaani fomu za kodi za mwaka. Msimu wa kodi ukifika, unakaa kwenye foleni na wenye rasta nusu kichwa.

Nilienda nikijua ni fomu ya dakika tano. Nikawa nalalamika tu kuhusu dawa za mama, kama kawaida yangu. Mzee akaweka kalamu chini.

"Weye Sudi, unalipiaka mama yako munganga kila mwezi, na hauombake kitu? Uko mujinga?"

Munganga kwao ni daktari. Nikakasirika kidogo, ila nikamsikiliza. Akanieleza kwamba huku, kama una mzazi unayemtunza na unamlipia matibabu, gharama zikivuka kiwango fulani cha kipato chako unaruhusiwa kuzidai kwenye return. Hata kama matibabu yalifanyika nje ya nchi. Kuna sehemu yake kabisa kwenye fomu. (Mimi sio mhasibu wakuu, sheria zinabadilika, ulizeni wanaojua.)

Akapiga mahesabu kwenye kikokotoo. Refund, yaani kodi ya kurudishiwa, iliyotoka pale ilikuwa inatosha basi mpaka Dodoma na kurudi, na zawadi kidogo.

Nilitoka pale saluni natembea kama nimeshalipwa. Nikavuka robot, taa za barabarani za huku, ikiwa nyekundu, teksi ikanipigia honi na matusi ya Kizulu. Wala sikuyasikia.

Shida ikawa moja. "Bapapier iko?" aliniuliza mzee. Makaratasi. Risiti za kila kitu, maana wanaweza kuomba kuona.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Usiku huo huo nikamwandikia Zaina. Naweka ujumbe kama ulivyokuwa: "Nataka risiti zote za dawa na hospitali za mama za mwaka mzima. Zote. Usiache hata moja. Haraka." Mwisho. Sikuandika salamu, sikuandika sababu.

Kwa nini sikusema sababu? Kwa sababu nilishamuahidi mama Desemba hii nakuja, mara nne, na mara nne sikuja. Nilitaka safari hii nikae kimya mpaka tiketi iwe mkononi. Nilijiona nina busara kweli.

Wenzangu mlioko nje mnaielewa hii. Mtu akiwa ughaibuni anatuma hela nyumbani, halafu ghafla anadai risiti, kule nyumbani maana yake ni moja tu. Mnakula hela yangu.

Jumapili iliyofuata nikapiga. Akapokea Zaina. "Mama kalala." Saa tano asubuhi! Mama yangu ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumuona amelala jua likiwa limetoka.

Jumapili ya pili, mama kaenda msibani. Ya tatu, mama anaswali. Ya nne Zaina akachoka kunidanganya. Akaniambia, "Kaka, amesema asikusumbue. Amesema kumbe ulikuwa unahesabu."

Jamani.

Nikajaribu kueleza, kumbe naeleza kwa hasira, eti mbona mnanifikiria vibaya, mimi ninayejinyima huku. Tukaishia kugombana na Zaina, vocha ikaisha katikati.

Nimerudi wakuu, nilikuwa naitwa na bosi.

Mzigo wa risiti ukafika hivyo hivyo. Kuna mama wa Dodoma huwa analeta vitenge kuuza Newtown, Zaina alimpa. Nikaufuata Jumamosi. Kilikuwa kipande cha khanga ya mama, kimefungwa kwa uzi kama sanda ya mtoto. Nilipokifungua pale pale kwenye meza ya vitenge, nilinusa nyumba yetu. Moshi na mafuta ya nazi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Risiti za dawa zilikuwemo zote. Lakini zilikuwemo na nyingine. Unga. Sabuni. Mafuta ya taa. Nauli ya basi ya kwenda Dodoma, tiketi mbili. Mama alikuwa anaweka kila karatasi kwenye kopo la maziwa ya unga, miaka yote, na alizitoa zote. Chini kabisa karatasi ya daftari, mwandiko wa Zaina, maneno ya mama:

"Nusu kilo ya nyama siku ya Idi nilinunua kwa hela ya dawa. Hiyo haina risiti. Anisamehe."

Nililia mbele ya watu, na sioni aibu kusema. Yule mama wa vitenge akafunika bidhaa zake upande niliokaa, akaniacha.

Papa Ilunga akachambua, zile za dawa tukazipeleka. Watu wa kodi wakaomba niende ofisini kwao. Dirishani alikuwepo mama mmoja Mzulu, mtu mzima, miwani kwenye kamba. Akapitia karatasi moja moja. Akauliza kwa Kiingereza, "Mtu uliyemwandika kwenye fomu ni Mwajuma. Huyu Mama Sudi ni nani?"

Nikachungulia. Ni kweli. Duka la dawa, zahanati, mpaka risiti ya hospitali Dodoma, kote wameandika Mama Sudi. Kondoa nzima hakuna anayemwita mama yangu jina lake. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, anaitwa kwa jina langu. Miaka sita sijakanyaga pale na kila siku wanamuita kwa jina langu, sokoni, msikitini, kwenye foleni ya macho.

Nikamweleza yule mama wa dirishani. Akavua miwani. "MakaSudi," akasema. "Na mimi nyumbani ni MakaThemba." Tukacheka wote wawili. Halafu akavaa miwani tena, akasema bado anahitaji kiapo. Mama aape kwamba Mwajuma na Mama Sudi ni mtu mmoja.

Yaani mama asiyetaka kuongea na mimi sasa aende mahakamani kwa ajili yangu.

Ikabidi nishuke. Nikampigia Zaina, nikamuomba radhi kwanza, nikamwambia aweke spika kubwa, aweke simu karibu na mama, na asimlazimishe kujibu. Nikamsikia mama anapepeta kitu, mchele nadhani.

Nikasema yote. Kwamba hakuna aliyekula hela. Kwamba risiti ni za serikali ya huku. Kwamba wakikubali watanirudishia kodi, na hiyo hela ni nauli yangu. Kwamba nilificha kwa sababu niliona aibu kuahidi mara ya tano.

Ungo ukanyamaza.

Kisha, kwa kelele zile zile: "Sasa si ungesema ni nauli!"

Halafu, "Umekula nini?"

Jumatatu asubuhi alikuwa mahakama ya mwanzo kabla hata karani hajafika. Karani aliandika alichoambiwa, sijui kama alitakiwa kuandika vyote. Nakala ninayo mpaka leo:

"Mimi Mwajuma ndiye Mama Sudi. Sudi ni mtoto wangu wa kwanza, nimemzaa mwenyewe. Dawa zangu ananunua yeye. Sijamwibia na yeye hajanionea. Naiomba serikali ya huko impe nauli yake aje nimuone wakati bado naona."

Tulipata mtu wa kutafsiri rasmi. Yule MakaThemba alisoma mpaka mwisho, akapiga muhuri, akaniambia nisubiri wiki chache. Kisha akanipa mkono kupitia dirishani.

Refund iliingia. Desemba nikapanda basi. Zimbabwe, Zambia, Tunduma, miguu imevimba, sikujali.

Nilimkuta mama kibarazani. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaenda, la kulia linaona ukimsogelea. Hakuinuka. Alinyoosha mkono akasema, "Risiti iko wapi?"

Nikadhani hajanitambua. Kumbe anacheka. Nikatoa tiketi ya basi mfukoni, akaisogeza mpaka karibu na jicho, akaisoma taratibu, yote, mpaka namba ya kiti. Akaikunja, akamwambia Zaina alete kopo. Baada ya hapo ndipo aliponikumbatia.

Nilikaa wiki tatu. Zikaisha.

Sasa ni 2019, sijarudi tena tangu pale. Niseme nilichojifunza: kama unatunza mzazi na unalipa kodi huku, uliza, kuna haki yako pale. Tunza risiti. Lakini kabla hujamuomba mzazi karatasi, mpe sababu kwanza. Aibu yako usiifanye siri, yeye ataijaza kwa mawazo yake.

Jicho la kulia nalo linafifia. Kila mwisho wa mwezi Zaina ananitumia picha ya risiti ya matone, sijaomba, na sauti ya mama nyuma yake inapiga kelele, "Hiyo ya mwezi huu, Sudi. Itie kwenye nauli."

Nazitia zote kwenye faili moja. Msimu wa kodi umefunguliwa, kesho naenda kwa Papa Ilunga mapema kabla ya wasusi.

Mlioko mbali na wazazi, ninyi mara ya mwisho kuwaona ilikuwa lini? Andikeni hapa chini, na mwenye kujua njia ya kuharakisha refund aniambie tafadhali, mwaka huu sina muda wa kusubiri.