Kofia Yangu Kwenye Zikiri

Shule niliiachia kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Lakini kwenye zikiri ya hapa kisiwani kwetu, Baleni, nina cheo, na nilikipata kwa aibu.

Tunasoma Ijumaa baada ya alasiri, uwanjani mbele ya msikiti. Wanaume tunasimama mstari, mkono kwa mkono, tunainama na kuinuka tukivuta pumzi kwa jina la Mungu, polepole kwanza, halafu mbio. Mbele yetu anasimama khalifa, mzee anayetuongoza kwa makofi. Ikikolea, kuna watu wanashikwa na hali. Bingwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Macho yanageuka, machozi yanamtoka, anachukuliwa huko anakojua yeye. Akirudi, uso unang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi. Mimi miaka yote hiyo natoka jasho tu. Nikiinama, nawaza kama pikipiki nimeifunga.

Nilimwonea wivu, nasema kweli. Niliona wenzangu wanakula biriani, mimi naletewa harufu. Na moyoni nikaogopa: pengine Mungu hanitaki karibu.

Ijumaa moja nikaamua kushikwa kwa nguvu. Nikatikisa kichwa, nikapiga ukelele, nikajibwaga chini puu!

"Mashaallah, leo na yeye kafika!" wakasema mstarini.

Nikalala pale nimefumba macho, najisikia walii, kipenzi cha Mungu. Zikiri ilipokwisha, khalifa akaja akachuchumaa.

"Mjukuu wangu, umefika?"

"Nimefika, babu."

"Na kofia yako iko wapi?"

Kofia yenyewe ni ya viua, vile vitundu vya kudarizi, mke wangu kaishona kwa mkono miezi minne. Ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Niliivua kabla ya kuanguka, nikaikunja vizuri isiingie mchanga.

Mstari mzima ukaangua kicheko. Shemeji ndiye aliyezidi: "Ee shemeji, huko juu ulikokwenda wanakataza kofia?"

Nilitaka nihame kisiwa. Khalifa hakucheka. "Ijumaa ijayo usimame katikati, karibu na shemeji yako," akasema. "Wanaopotea ninao wengi. Nataka mmoja anayekumbuka vitu."

Basi ikawa kazi yangu. Shemeji akianza kuyumba, nambana mkono asijigonge kwenye baraza. Niliona kama nimefanywa mlinzi wa mlango wa harusi: muziki nasikia, pilau sioni.

Mpaka Ijumaa moja khalifa mwenyewe akashikwa. Makofi yakakatika, mzee kafumba macho, anapepesuka, na mstari unakwenda mbio hauna wa kuushika. Mwisho wa mstari kuna mzee wa pumu, midomo imeanza kubadilika rangi, na hakuna anayemwona. Nikapiga kelele, "Laa ilaha illallah!" Hakuna aliyesikia. Nikabana mikono ya wenzangu wawili, huku na huku, nikainama, nikakataa kuinuka haraka. Tena. Tena. Wa pembeni yangu wakachelewa, na wao wakawachelewesha wenzao, mkono kwa mkono, mpaka mwendo ukamfikia yule mzee ukiwa wa polepole. Nikamwona anavuta pumzi moja ndefu. Wallahi kifua changu kilijaa, sijui kwa nini nililia.

Tulipokaa kunywa kahawa, nikamgeukia shemeji. "Leo niambie. Huko unakokwenda, kutamu?"

Akakuna kichwa. "Sijui, shemeji. Nikirudi sikumbuki kitu. Nakumbuka mkono wako tu, ulivyonibana."

Kumbe! Miaka yote namwonea wivu mtu asiyeijua ladha ya biriani yake! Mimi niliyeletewa harufu nilikuwa nakumbuka kila kitu, na raha bado ilikuwa imenijaa.

Khalifa, sasa kazindukana, akaja na kitu mkononi, anakikung'uta mchanga.

"Mjukuu wangu, kofia yako."

Nikashika kichwa: kitupu. Imeanguka saa ngapi, sijui. Imekanyagwa na mstari mzima, viua vimelala, na alama ya kisigino iko katikati.

Mke wangu alitaka kuifua jioni ile ile. Nikamwambia aiache kwanza, kuna watu sijawaonyesha.