Nilivyofuta MWISHO Siku ya Ruracio

Aibu niliyopata kule Theta huwa sipendi kuisimulia, lakini wacha niitoe. Mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba makaratasi kwa duka la kuchapisha pale Thika, na leo duka la kompyuta lililoko Ruiru ni langu, na amri za kompyuta nilijifundisha mwenyewe (vijana wa digrii huja kuniuliza).

Sasa kijana wangu Kamau alikuwa anaposa, na ratiba ya ruracio, siku ya kupeleka mahari nyumbani kwa kina Njeri, msichana wake, nikasema nachapisha mimi. Kwa faili moja nilikuwa nimeandika ratiba, kati ya mstari wa MWANZO na mstari wa MWISHO, halafu chini yake maneno ya siri ya kukumbusha watu wetu. Nikapiga sed -n '/MWANZO/,/MWISHO/p' ruracio.txt, amri ya kutoa mistari kuanzia alama moja hadi nyingine, na ikatoa ratiba peke yake, sawasawa, ila na zile alama zenyewe. Nikaona, unapelekaje kwa wakwe karatasi imeandikwa MWISHO, si hiyo ni kuwatakia watoto mabaya? MWANZO haina ubaya, nikaiacha; MWISHO nikaufuta huo mstari kwa faili, nikarudia amri, nikachapisha nakala arobaini bila kuangalia hata moja (mtu wa uzoefu wangu anaangalia nini?).

Kumbe kompyuta isipoona alama ya kusimama, haisimami. Inaenda tu hadi faili iishe.

Tukiwa kwa tenti, baba Njeri akavaa miwani akasoma kwa sauti: "Mwanzo. Maombi. Chakula. Mazungumzo." Akageuza karatasi. "Baba ya msichana anapenda sifa. Sifuni ng'ombe wake hata kama ni mifupa. Chai ikikuja kama maji, nyweni mkitabasamu."

Mama Njeri akabeba birika akarudi nayo jikoni.

"Nani ameandika hii?" baba Njeri akauliza.

"Ni kompyuta, muthoni," nikamjibu mkwe wangu.

"Kompyuta ilikunywa chai yangu lini?"

Kamau akaninong'oneza, "Baba, nikikosa bibi leo, usiniite mtoto wako."

Baba Njeri akasema hakuna mazungumzo mpaka mifupa ionekane. Nikapelekwa zizini na suti yangu, wageni wote nyuma, nikakuta ng'ombe wanono hata mlango unawabana. Nikapewa panga nikawakatia nyasi za nepia, nikiwasifu mmoja mmoja, mwenye ng'ombe akisema, "Sijasikia!" Ndipo akina mama wakacheka, chai ikarudi (nzito, nakubali), mazungumzo yakaanza.

Siku hizi nasoma karatasi kabla ya kuchapisha, na MWISHO sifuti tena. Hata kadi ya harusi ya Kamau iliandikwa MWISHO, hapo chini kabisa. Njeri aliuliza ni ya nini.

"Wacha ikae," baba yake akamwambia. "Hiyo ndiyo inamnyamazisha baba mkwe wako."