Mbuzi wa Munyi Walivyokipima Kivuko cha Serikali

Saa moja asubuhi, jua la Mbeere limeshaanza kuchoma, na Cicily Wambeti amelala chali chini ya mashua. Anashindilia pamba yenye lami katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Lami inamdondokea shavuni. Anaipangusa kwa kiwiko, anaendelea kugonga.

"Maji hayana adabu," anasema bila kutoka huko chini. "Ukiyaachia nafasi ya kidole, yanaingia mwili mzima."

Wambeti, mwenye umri wa miaka 54, ni fundi mkuu wa karakana ya mashua ya serikali iliyo kando ya bwawa, si mbali na Kiritiri. Zamani ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja. Alipofilisika, serikali iliichukua, ikapaka lango rangi na kuajiri watu kumi na wanane. Leo wamebaki watano. Wavuvi walihamia mashua za plastiki, na mishahara ikawa kama mvua ya Mbeere: unasikia tu imenyesha kwingine.

Si kwamba serikali iliwasahau. Kila ilipowakumbuka, ilituma kitu. Mwaka mmoja lori lilifika kutoka Mombasa likiwa na nanga ya meli.

"Hiyo ukiiweka kwa mashua yetu yoyote, inazama kabla hujaondoka," anasema Wambeti. Siku hizi meneja anafungia ng'ombe wake hapo.

Mwaka jana wizara ilichoka. Wambeti na wenzake walikuwa wamemaliza kuunda kivuko kipya cha mbao. Wakaambiwa kwamba kikivuka bwawa na kurudi kikiwa kimejaa, mbele ya afisa, watapewa ruzuku. Kikishindwa, lango litafungwa.

Afisa aliyetumwa ni Elphas Koome, kijana mtanashati kutoka Meru mjini. Aliomba abiria thelathini. Meneja, Bwana Gichovi, alizunguka sokoni Kiritiri akiwatafuta, akarudi peke yake.

"Watu wa hapa wanaheshimu maji," anaeleza Wambeti. "Na wanaheshimu kiboko zaidi. Mzee mmoja alimwambia meneja, kama ni kizuri hivyo, si serikali ipande yenyewe."

Koome alikuwa ameshafungua mlango wa gari aondoke wakati Munyi, mchuuzi wa mbuzi, alipopita na kundi lake. Alikuwa akiwapeleka ng'ambo, safari ya kuzunguka bwawa kwa miguu mpaka jioni.

"Mama Ndwiga," alimwambia Wambeti, kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mimi watu sina. Lakini hawa hawajui kuogopa."

Koome alifikiri kidogo. "Mbuzi wawili ni sawa na mtu mmoja?"

"Inategemea ni mtu gani," akajibu Munyi.

Walipandisha mbuzi sitini, na Munyi akapanda nao akiwa na gunia begani. Sheria ilimtaka afisa naye awemo, kwa hiyo Koome alisimama katikati, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Wambeti alikaa nyuma kwenye injini.

Walipofika katikati ya bwawa, kiboko aliibuka upande wa kushoto, akapuliza pua. Mbuzi wote wakakimbilia kulia. Kivuko kikainama hadi maji yakaramba ukingo wake. Koome aliachana na nguzo, akamkumbatia beberu aliyekuwa karibu, akaanza kuomba kwa Kimeru.

"Mimi ni Mmbeere, sikuelewa yote," anasema Wambeti. "Lakini nilisema amina."

Mwenyewe alitega sikio. "Nilisikiliza mbao. Kama kuna mahali nilifanya uvivu, hapo ndipo zingelia."

Hazikulia. Munyi alifungua gunia lake la maganda ya ndengu, chakula cha mbuzi, akayamwaga kuanzia katikati hadi upande wa kushoto. Mbuzi wakamsahau kiboko, wakarudi kula, na kivuko kikasimama sawa. Ndani hakukuwa na tone la maji.

Ng'ambo, Koome alishuka na kuketi juu ya jiwe. Akauliza, "Hakuna barabara ya kurudi?"

"Iko," Wambeti alimwambia. "Lakini tumeambiwa ni kwenda na kurudi, Bwana afisa. Na wewe ndiye macho ya serikali."

Koome aliangalia maji. Kisha akapiga mahesabu na Munyi, akamlipa ili mbuzi wajaze kivuko tena wakati wa kurudi, nao wakapandishwa pamoja naye.

"Kivuko ni imara," Koome anasema kwa simu kutoka Meru. "Hilo nililiandika siku hiyo hiyo. Koti nimelifua mara tatu, bado linanuka beberu."

Ruzuku ilifika, mishahara ikaanza kutoka, na wizara ikaagiza vivuko viwili zaidi. Ubavuni mwa kile cha kwanza, Wambeti ameandika kwa rangi nyeupe: Abiria 30 au Mbuzi 60. Siku hizi watu wanapanda. Wanasema kama mbuzi walirudi salama, basi.

Wambeti anatumaini kuchukua wasichana wawili awafundishe kazi kabla hajastaafu. Baada ya hapo ana mpango wake binafsi: kujifunza kuogelea.

Mbona asianze sasa, na bwawa liko mlangoni?

"Hapana, ngoja kwanza nistaafu," anasema, akijisukuma tena chini ya mashua. "Nikijua kuogelea nikiwa bado kazini, nitaanza kugonga hizi pamba ovyo."